Mtaa wa Mtu Mmoja

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa, Shangazi alikohoa kwa niaba ya mtu mwingine.

Kikohozi chenyewe kilikuwa cha Fundi Saa, mzee aliyewafuata wanawe ng'ambo baada ya wao kumweleza kwamba wamechoka kumuuguza kwa simu. Kilianza kikavu, kikashuka kifuani na kuwa kizito, kisha kikamalizika kwa mguno wa mtu anayemlalamikia Muumba wake kwa adabu. Shangazi alikitoa akiwa amesimama uani kwa mzee, mkono kiunoni, halafu akafungua bomba, akaburuta ndoo juu ya sakafu na kuubamiza mlango. Mwizi yeyote aliyetega sikio nyuma ya ukuta angeapa kwamba mzee yumo, tena ameamka na hasira.

Kutoka hapo alivuka kwenda kwa Mwalimu wa muziki, aliyeolewa mbali na kukiacha kinanda chake kimefunikwa shuka. Shangazi hakujua muziki hata wa kubembelezea mtoto. Alibonyeza sauti tatu, akarudia, akakosea, akarudia tena. Na kwa kuwa hata wanafunzi wa kweli hujifunza vivyo hivyo, hakuna mpita njia aliyewahi kushuku. Kwa Muuguzi na mumewe, Dereva wa malori, aliwasha redio na kugombana nayo. "Nani kaniachia viatu mlangoni?" aliiuliza redio, nayo ikamjibu kwa habari za bei ya saruji. Nyumba ya nne ilikuwa ya Mhandisi, mtoto wa kaka yake. Huko alifungua na kufunga madirisha tu, maana Mhandisi alikuwa mkimya tangu utotoni.

Na kila ua ulikuwa na kamba yake, na kila kamba nguo zake. Shangazi alizilowesha nguo safi asubuhi, akazianika, akazianua jioni, akazikunja. Katika mtaa ule mfupi wenye nyumba tano palikuwa na mashati yaliyochakaa kwa kufuliwa pasipo kuvaliwa hata siku moja.

Haya yote hayakuanza kwa wazimu. Mtaa wa pili ulipobaki mtupu, wezi waling'oa mabomba, nyaya, mwisho wakang'oa hata fremu za milango, wakaacha kuta zimesimama kama watu waliovuliwa nguo sokoni. Shangazi aliona, akajifunza. Wenye nyumba walikuwa wamemkabidhi funguo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa maneno yale yale: "Miaka miwili tu, Shangazi." Muuguzi aliondoka kwa sababu hospitali ilimlipa shukrani nyingi kuliko mshahara. Dereva aliondoka kwa sababu Muuguzi anaondoka, ingawa barabara zilimpeleka nchi nyingine kabisa, na sasa wakawa mume na mke wa kwenye simu. Mwalimu alifuata mapenzi. Mhandisi alifuata madaraja, maana huku alikuwa ameajiriwa kuchora madaraja ambayo hayakujengwa. Hakuna aliyekimbia kwa kuuchukia mtaa. Waliupenda mno, walichokosa ni namna ya kuula upendo huo na kushiba.

Hawakumuuliza Shangazi anaulinda vipi. Kila Ijumaa aliwatumia picha kwenye kundi lao la simu, mageti na kuta, na chini yake akaandika: Mtaa upo, nanyi mpo. Nao wakamjibu kwa mioyo myekundu.

Shida ilikuwa moja, na ilikuwa tumboni mwa binti yake.

Binti huyo, mwanawe wa pekee, alikuwa mja mzito wa mimba ya kwanza, huko alikohamia na mumewe. Viza ya mama ilikuwa imetoka. Tiketi ilikuwa imekatwa.

"Mama, unakuja au huji?"

"Nakuja, mwanangu. Nikipata wa kumwachia funguo."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

"Mwezi uliopita nilikuwa na mtu. Kahama."

Ilikuwa kweli. Shangazi alikuwa amewafundisha kazi warithi watatu, na wote walihama. Mpwa mmoja alipata chuo. Mlinzi mstaafu aliitwa na kaka yake. Wa tatu, mama mmoja hodari wa kukohoa, aliaga katikati ya somo, ufagio ungali mkononi. Pengine mtu akishajifunza kuyabeba maisha ya watu watano, huona hata yake mwenyewe yanabebeka.

"Kwa hiyo mimi nitajifungulia mikononi mwa wageni," alisema binti, "kwa sababu mama yangu anayauguza mabomba ya watu."

Shangazi alikata simu, akaenda kukohoa.

Asubuhi hiyo alisahau kwamba alikuwa amemwita fundi bomba. Alipofika kwenye ule mguno wa mwisho, sauti ya kiume ilisikika kutoka getini:

"Pole, mzee!"

Shangazi akaganda. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha la kufanya, akajibu kwa sauti nzito: "Asante, mwanangu."

"Hicho kifua hakifai, mzee. Umejaribu tangawizi?"

"Nimejaribu."

"Na asali?"

"Nimejaribu vyote. Nenda zako."

"Siwezi kwenda, mzee, nimeitwa kutengeneza bomba. Na babu yangu alianza hivyo hivyo, tukapuuza, tukamzika." Geti likafunguka, na kijana mrefu mwenye sanduku la vifaa akaingia kwa haraka ya mtu anayekwenda kuokoa maisha. Alimkuta mama mnene mwenye kanga kichwani, ndoo mkononi, kinywa wazi.

Walitazamana.

"Mzee yuko wapi?" aliuliza Fundi Bomba.

"Ng'ambo," alisema Shangazi kwa sauti yake halisi. "Mwaka wa nne huu."

Fundi Bomba alikaa juu ya sanduku lake akacheka mpaka akashika mbavu. Shangazi alikusudia kukasirika, lakini kicheko kikamshinda naye. Alipoulizwa zaidi alieleza yote, kinanda na redio na mashati, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyohisi mzigo ambao hakujua kwamba ameubeba kichwani ukitua chini kidogo kidogo.

Fundi Bomba mwenyewe alikuwa mgeni. Alitoka ng'ambo ya mpaka, mji ambao mto wake ulikauka, visima vikafuata, mpaka siku ikafika hakuna bomba lililotoa kitu isipokuwa upepo. "Fundi bomba pasipo na maji, Shangazi, ni kama kinyozi katika kijiji cha vipara," alisema. "Nikamwambia mke wangu, tuyafuate maji." Sasa waliishi stoo nyuma ya duka la rangi: yeye, mkewe, na mama mkwe wake. Chumba kimoja, pazia moja katikati.

"Wewe na mama mkwe chumba kimoja?" Shangazi alishika shavu.

"Pazia limetutenganisha. Nikipiga chafya, ananiombea afya. Nikinong'ona na mke wangu, anakohoa." Akatazama nyumba ya mzee, chini mpaka juu. "Tumezunguka mji mzima tukitafuta nyumba. Nikifungua mdomo tu, lafudhi inanitangulia. Wananiambia pamejaa. Shangazi, niulize kitu bila ubaya: kwa nini unaigiza watu, na watu wapo?"

"Nyumba si zangu, mwanangu. Wenyewe hawataki wapangaji. Wanazitaka zilivyo, siku wakirudi."

"Watarudi lini?"

Shangazi alimwonyesha bomba bovu liko wapi.

Swali hilo, hata hivyo, lilibaki uani baada ya fundi kuondoka. Na Ijumaa iliyofuata, binti alipopiga simu kusema kwamba daktari anahofia mtoto atawahi, Shangazi alianika nguo akiwa na mwili huku na roho kule. Alipiga picha yake ya wiki akiwa ameegemea ukuta wa ua wa Mwalimu badala ya kusimama getini, akaandika maneno yake ya siku zote, akaituma. Hakuitazama.

Muuguzi aliitazama. Aliikuza kwa vidole viwili, kama wanavyofanya watu wa kazi yake wakitafuta mfupa uliovunjika.

Kwenye kamba ya Mwalimu wa muziki, bega kwa bega na gauni lake la kulalia, lilining'inia shati la Dereva. Lilikuwa la njano, lenye mistari ya kijani na mifuko minne, na chini ya jua hili hapakuwa na mwanamume mwingine ambaye angekubali kuzikwa nalo, achilia mbali kuonekana nalo.

Simu ya Shangazi ililia papo hapo. Nyuso zikajitokeza kwenye kioo moja baada ya nyingine, maana Muuguzi aliliita kundi zima.

"Shangazi, shikamoo. Mume wangu amerudi lini?"

"Marahaba. Mume yupi?"

"Huyo ambaye shati lake linakaushwa pamoja na nguo za kulalia za watu! Shati nililomnunulia mimi, nikalikunja mimi, nikalitia kwenye sanduku lake kwa mikono yangu mwenyewe. Liliondoka naye. Sasa kama shati limerudi, limerudi peke yake kwa miguu?"

Dereva alikuwa ndani ya lori lake, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. "Mke wangu, mimi huyu hapa! Tazama, theluji hii!" Akageuza simu dirishani.

"Hata chumvi ni nyeupe," alisema Muuguzi.

"Ngoja kwanza!" Mwalimu wa muziki aliingia, vitunguu vikimtoa machozi jikoni kwake. "Shoga yangu, unaniwazia mimi? Na huyo? Mwanamume anayenuka dizeli hata kwenye picha?"

"Huyo ana kasoro gani?" Muuguzi aliwaka. "Tena usimtukane mume wangu!"

"Basi amua, namtaka au simtaki?"

Dereva aliona kwamba hakuna upande uliobaki salama isipokuwa ukweli. Alivua kofia. "Sikuondoka nalo," alisema. "Ulipokwenda kuaga kwa mama, nililitoa kwenye sanduku nikalificha nyuma ya kabati. Mke wangu, nakupenda, lakini lile shati... Nilikuwa nakwenda nchi ya watu kuomba kazi."

Mhandisi, aliyekuwa akisikiliza bila kusema neno, alizima kamera yake ili acheke kwa faragha.

"Kwa hiyo," alisema Muuguzi polepole, "nani kalitoa nyuma ya kabati?"

"Mimi," alisema Shangazi.

Akawaeleza. Aliwaeleza jinsi alivyokuwa mume na mke wanaozozana, mwanafunzi wa kinanda asiyeendelea, mzee mgonjwa wa kifua. Hawakuamini, hivyo akawakoholea.

"Hicho ni kikohozi changu!" sauti ilipaa kutoka kwenye kioo. Alikuwa Fundi Saa, ambaye wajukuu walikuwa wamemshikia simu. Uso haukuonekana, ila sikio moja kubwa. "Hicho ni changu kabisa! Lakini huo mguno umeuzidisha."

"Huo mguno ndio wenyewe, mzee. Wewe hukuwa unajisikia."

Walicheka wote, kila mtu na nchi yake, na kwa muda mfupi mtaa mzima ulikuwa tena mahali pamoja. Kicheko kilipopoa, Shangazi alisema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Wanangu, nimechoka. Nimekuwa watu wote wa mtaa huu, na sijapata nafasi ya kuwa bibi wa mtu mmoja. Mwanangu anajifungua. Nataka kwenda."

"Nenda, Shangazi!" walisema kwa pamoja. Kisha, mmoja baada ya mwingine, sauti zikapungua. "Ila nani..." alianza Mwalimu, asimalize.

Shangazi akawatajia Fundi Bomba, mkewe, mama mkwe na pazia.

Hapo ndipo Mhandisi alipowasha kamera. "Shangazi, samahani. Watu wageni? Hatuwajui, hatujui walikotoka, hatujui desturi zao. Ukishawaingiza, utawatoaje? Tusifanye mambo kwa huruma."

"Baba mdogo," alisema Muuguzi, ambaye alimwita hivyo akitaka kumchokoza, "mwaka jana ni nani aliyelia humu kwenye kundi? Mwenye nyumba alikukatia simu aliposikia unavyotamka. Ukatuandikia kurasa nzima, utu uko wapi, binadamu wamekwenda wapi. Mimi nilikusoma nikiwa zamu, nikalia mbele ya mgonjwa."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

Mhandisi alifungua mdomo. Alikuwa mtu mwenye akili, na ukweli ni kwamba aliitafuta tofauti hiyo kwa dhati. Ilionekana machoni mwake akiitafuta, kama anayepapasa mifuko yote ya koti akijua fika kwamba tiketi ameiacha nyumbani. "Mtandao unasumbua," alisema mwisho, akatoweka.

"Mpe nyumba yangu fundi huyo," alisema Muuguzi. "Alipe atakachoweza, atunze mabomba. Na lile shati mtumie huyu mwanamume kwa posta. Atalivaa. Nitataka picha."

Fundi Saa naye aliridhia: aje mtu yeyote mwenye watoto, kwa kuwa nyumba yake ilizoea kelele. Mwalimu aliomba muda amwulize mumewe. Nyumba ya Mhandisi ilibaki imefungwa, na hadi leo imefungwa.

Familia ya Fundi Bomba ilihamia Jumapili, vitu vyao vyote vikiwa kwenye mkokoteni mmoja. Shangazi aliwapokea kwa furaha iliyodumu mpaka saa sita mchana, kisha akagundua kwamba watu wa kweli hawana nidhamu. Hawakuwasha redio kwa wakati. Walianika nguo ovyo. Waligombana kwa sauti ndogo, jambo ambalo lisingemtisha mwizi yeyote. "Pazeni sauti!" aliwaambia kupitia dirishani. "Mnagombana kama mnaoomba msamaha!"

"Ndivyo tulivyo, Shangazi," alijibu mke wa Fundi Bomba. "Kwetu tukigombana tunanong'ona, mama asisikie."

"Nasikia," alisema mama mkwe kutoka chumba cha pili.

Mama huyo alikuwa rika la Shangazi, mwembamba, mwenye macho yanayotua juu ya kitu na kukaa hapo. Hakusema mengi. Lakini asubuhi ya safari ndiye aliyekuja kumsaidia Shangazi kubeba sanduku, wakati teksi tayari ilikuwa ikipiga honi mwishoni mwa mtaa. Shangazi alikuwa anafunga mlango wake: komeo la juu, kufuli ya kati, komeo la chini.

"Na hii?" aliuliza mama mkwe.

"Hii yangu. Naifunga tu, dada. Sihami mimi. Miezi mitatu, mtoto akikaza shingo narudi."

Mama mkwe aliutazama mlango. "Mimi yangu nilisema msimu mmoja," alisema. "Niliacha hata sufuria juu ya jiko."

Honi ililia. Shangazi alisimama, ufunguo ungali ndani ya kufuli, na ghafla akakiona chumba chake kwa ndani kana kwamba ukuta ni kioo: kitanda, meza, kiti cha marehemu mumewe chenye shimo upande wa kushoto alipozoea kuegemea. Wazo la mtu mwingine kukikalia lilimchoma mahali ambapo hakujua pana ngozi. Basi hivi ndivyo walivyohisi wenzake. Alikuwa amewataka watoe nyumba zao, wote, mmoja baada ya mwingine, na hata akamlaani Mhandisi moyoni. Na kumbe yeye mwenyewe hakuwa ametoa hata komeo. Miezi mitatu. Nani asiyeondoka kwa miezi mitatu?

"Huko kwa fundi," aliuliza bila kugeuka, "umepata nafasi ya kutosha?"

"Nafasi ipo. Ukuta ndio mwembamba." Mama mkwe alitazama pembeni kwa heshima. "Wale bado vijana."

Shangazi akacheka, na katika kucheka mkono wake ukageuza ufunguo kinyume. Komeo la chini, kufuli ya kati, komeo la juu. "Dirisha la jikoni halifungi vizuri. Lisukume kwa kiwiko, si kwa mkono."

"Kwa kiwiko."

"Usiku paa litalia. Si mtu, ni bati."

"Bati nalijua."

"Na kile kiti..."

"Sitakikalia," alisema mama mkwe.

Shangazi akamtia ufunguo mkononi. "Kikalie. Egemea kulia, kushoto pana shimo."

Akamkumbatia haraka, kama anayeogopa kubadilisha nia, akaburuta sanduku lake mwenyewe hadi kwenye teksi. Simu ilikuwa inalia mkobani. Ni binti yake, akiuliza kama kweli safari hii ameondoka, na Shangazi akamjibu kwamba ameondoka, tena kabisa, mguu mmoja uko garini. Wa pili ulikuwa bado chini alipoitwa kutoka ndani ya nyumba.

"Dada! Sukari iko wapi?"

"Rafu ya juu, nyuma ya chumvi!" alipiga kelele. "Na usinipangulie vyombo vyangu!"

"Nitapangua!" mama mkwe alimjibu, na mlio wa sufuria ukaanza kusikika kabla dereva hajatia gia.